Saa Moja Angani

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Dodoma)



Mmeniomba nizungumze juu ya safari. Uamuzi wa TANU wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa ulipotiliwa mkazo mwaka 2016, sisi watumishi wa Serikali tulianza kuwa kiguu na njia baina ya Dodoma na Dar es Salaam.

Kati ya viwanja vya ndege vya miji hii miwili, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 390. Ndege ya pangaboi ya Dash 8 Q400 huweza kwenda zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Kwa hesabu ya darasani ingefika kwa dakika 40. Lakini ratiba hutaja kama saa moja, maana ndege hutambaa kwanza uwanjani, hupanda polepole, na ikikaribia hupunguza mwendo na kujipanga ili itue. Dakika hizo hazipungui hata safari ikiwa fupi.

Linganisheni na Mumbai, ambako shirika letu la ndege lilianza kwenda mwaka 2019. Toka Dar es Salaam ni takriban kilomita 4,700, yaani mara 12 ya umbali wa kuja Dodoma. Hata hivyo muda wa kuruka ni kama saa sita tu, kwani jeti ina mbio zaidi, na kupaa na kutua ni sehemu ndogo ya safari ndefu.

Sasa ongezeni foleni ya Barabara ya Nyerere, kuwahi uwanjani, na kungoja mizigo. Ile saa moja huwa nne. Ndiyo maana treni ya umeme, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, inashindana na ndege.

Ndugu zangu, wengi wetu hapa ndio tunaoitisha vikao. Mwaka jana mwalimu mmoja mstaafu alikuja kwa basi kutoka Kigoma kufuatilia pensheni yake. Alifika ofisini miguu imevimba. Jalada lake lilikuwa mezani, likingoja sahihi moja tu. Akaambiwa mhusika amepanda ndege kwenda kwenye kikao cha saa moja Dar es Salaam, arudi Jumatatu. Ilikuwa Alhamisi, na hapa mjini hana ndugu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Tusiondoke ofisini bila kumwachia mwenzetu madaraka ya kutia sahihi. Na kabla ya kumwita mtu wa mbali, tuhesabu saa zake tangu anapofunga mlango wa nyumba yake, si tangu ndege inaporuka.