Noti za Kale za Benki za Miji ya Marekani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Sisi makarani twashika noti kila mwisho wa mwezi, wala hatutazami ila tarakimu zake. Naomba leo tuzitazame noti ambazo kwa wakusanyaji tarakimu si kitu kikubwa.

Katika mwaka 1863, Marekani ilipokuwa vitani yenyewe kwa yenyewe, ilitungwa sheria ya kuziruhusu benki za miji kutoa noti. Kila benki ilipewa cheti chenye namba, ikanunua hati za deni la Serikali na kuziweka Hazina kuwa dhamana, ndipo ikapata noti. Kwa hiyo benki ilipofilisika, mwenye noti hakupotewa na fedha yake. (Wenye akiba ndio waliolia.)

Picha zilifanana nchini kote, lakini kila noti ilichapwa jina la benki na la mji, na hapo kwanza rais wa benki na mtunza fedha walitia sahihi kwa kalamu. Benki zaidi ya 12,000 zilizitoa hata mwaka 1935, zilipokomeshwa. Zilizorudi Hazina ziliharibiwa. Basi za mji mdogo huenda zimesalia mbili tu, au hakuna.

Hapo ndipo wengi hupotea. Mtu hupata noti safi ya dola 100 ya New York akajiona tajiri, akaidharau ya dola 5, chafu, ya kijiji cha mbali. Kumbe hiyo chafu yaweza kuishinda kwa bei. Mjuzi hutazama mji, kisha namba ya cheti, ambayo sheria ya 1874 iliamuru ichapwe juu ya noti. Maana benki zilizoitwa “Benki ya Taifa ya Kwanza” ni nyingi mno.

Nami nachukizwa na wanaofua noti. Huiosha kwa sabuni, wakaipiga pasi, karatasi ikang’aa, na wino wa mtunza fedha ukaondoka. Wengine huthubutu kuiandika sahihi upya! Pengine benki ile imekwisha kuwa duka, na mkono wa karani aliyehesabu fedha za wakulima haukubaki mahali pengine popote ila hapo. Noti na iachwe na uchafu wake, ilazwe katika bahasha safi, isikunjwe, isitiwe gundi, wala isianikwe juani.