Saa za Kungoja Nazo Zilipwe
Mada ya semina ya viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi, Mombasa



Alfajiri moja nilisimama na vibarua nje ya geti la kiwanda, Changamwe. Ilipofika saa kumi na mbili msimamizi alitoka, akanyoosha kidole: wewe, wewe, na yule wa shati jekundu. Kumi na wawili wakaingia. Waliobaki walingoja hadi saa tatu kwa sababu waliambiwa huenda lori la mzigo likaja. Halikuja. Mama mmoja aliyekuwa kando yangu alikuwa amekopa nauli ya matatu. Alikaza kanga yake kiunoni, akashika njia ya Mikindani kwa miguu.

Nimeombwa nizungumzie mikataba isiyomhakikishia mfanyakazi saa za kazi. Inavuma sana Uingereza, na waliomo wanapita milioni moja. Mtu ametia saini, jina lake limo kwenye orodha, lakini mwajiri hakumwahidi hata saa moja kwa wiki. Anakodolea simu macho kama yule mama alivyokitazama kile kidole. Kabla ya 2015 baadhi ya mikataba hiyo ilimkataza hata kutafuta riziki kwingine. Sheria ya mwaka huo ndiyo iliyoondoa katazo hilo.

Linaloniuma ni kwamba nchi hiyo hiyo iliwahi kulijua jibu. Mwaka 1947, mwaka ule ule ambao wazee wetu wa bandari na reli waligoma hapa Mombasa mwezi wa Januari, Uingereza ilianzisha mpango wa kitaifa wa makuli wa bandarini. Kuli aliyefika kuitika jina akakosa meli alilipwa fedha za kuhudhuria. Kungoja kulikuwa na bei. Mpango ulifutwa 1989.

Kwetu tuna kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazotimia mwezi, au akipewa kazi isiyotarajiwa kwisha ndani ya miezi mitatu, anahesabiwa mwajiriwa wa mwezi. Ni kifungu kizuri, na tukitumie. Ila kinahesabu siku alizofanya kazi. Zile asubuhi za getini hazimo, na mwajiri mjanja humwambia mtu "pumzika kidogo" kabla mwezi haujatimia.

New Zealand, tangu 2016, mwajiri anayetaka mtu akae tayari kuitwa nje ya saa walizokubaliana lazima amlipe fidia kwa utayari huo. Hilo tunaweza kulidai hata kabla Bunge halijaguswa, kupitia mikataba yetu ya pamoja: aliyeitwa akarudishwa alipwe nusu siku, na anayengojeshwa alipwe kwa saa.

Tuanze na daftari la getini. Jina, saa ya kufika, saa ya kuambiwa hakuna kazi, na sahihi ya msimamizi. Bila daftari hilo, mbele ya hakimu yule mama hana ushahidi kwamba alifika.