Spana Mbili

(Hotuba fupi iliyotolewa Kilosa, siku ya kukutana kwa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya elimu na kazi. Wengi mnanijua kuwa mtu wa mafaili. Leo nitasema habari za gurudumu la baiskeli.

Nikiwa kidato cha pili, gurudumu la nyuma la Phoenix ya baba lilikuwa likiyumba. Nilikuwa nimekwisha soma msuguano katika fizikia, nikajiona fundi. Nikachukua plaisi, nikakaza koni kwa nguvu zangu zote mpaka kuyumba kukakoma. Alfajiri baba akaondoka na gunia la mchele kwenda Mikumi, auze kwenye barabara kuu apate karo yangu. Alipofika Ulaya, nasema Ulaya yetu ya njiani, siyo ya ng'ambo, gurudumu likagoma. Gololi zilikuwa zimesagika. Alilala njiani, alipofika Mikumi, mnunuzi aliyepatana naye alikuwa amekwisha ondoka. Muhula ule nilikaa nyumbani majuma mawili.

Baba hakunigombeza. Alinipeleka kwa fundi mmoja mzee, akasema, "Mwonyeshe mwanangu."

Mzee akatia gololi mpya za robo inchi, tisa kila upande, ndani ya grisi safi, na koni mpya. Akakaza koni kwa vidole hadi ikagusa gololi, akairudisha nyuma kidogo. Kisha akaishika kwa spana nyembamba ya koni isizunguke, na kwa spana ya pili akakaza nati ya kufungia.

"Ukitumia spana moja," alisema, "koni itafuata nati. Ikilegea itagonga, ikikaza mno itasaga."

Akashika ekseli kwa mikono miwili. Gurudumu halikuyumba, na uzito wa valvu peke yake ukalivuta likageuka polepole.

Wadogo zangu, nilikuwa na neno "msuguano" kichwani, lakini sikuwa na spana wala mtu wa kuniongoza, na sikuuliza. Baba ndiye aliyelipa. Nimefika chuo kikuu, na hata leo ofisini, kabla sijakaza jambo, huuliza kwanza chombo chake ni kipi.

Ndugu Mwalimu Mkuu, nimeleta spana za koni kwa ajili ya wanafunzi wanaokuja kwa baiskeli. Ziko mbili. Naomba zisitenganishwe.