Nani Aliukausha Ruaha Mkuu?



Nimeombwa nizungumzie usimamizi wa maji katika mabonde ya mito. Mabonde yetu tisa, bodi zake na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 mnavijua, sitavirudia. Jioni hii nabishana na kauli moja: kwamba Mto Ruaha Mkuu ulikaushwa na ng'ombe.

Kauli hiyo ilivuma baada ya 1993, mto ulipoanza kukatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Haikuishia midomoni. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu, tambarare iliyo juu ya hifadhi, na 2008 Ihefu, kinamasi cha tambarare hiyo, kikaingizwa hifadhini. Basi tupige hesabu iliyopaswa kupigwa kabla ya kuwahamisha watu. Ng'ombe mmoja hunywa kama lita 40 kwa siku. Tuseme walikuwa laki tatu: ni lita milioni 12, yaani takribani lita 139 kwa sekunde. Banio moja kubwa linalochepusha maji ya mto kwenda skimu ya mpunga huchota maelfu ya lita kwa sekunde! Sikatai kwamba kwato huharibu ardhi oevu. Nakataa kwamba ng'ombe waliunywa mto.

Kinachotokea ni hiki. Maji ya Ihefu hutoka kuingia mtoni kupitia Ng'iriama, penye kizingiti cha mwamba. Mabanio ya juu yakiendelea kuchota kiangazi, yanayoingia Ihefu huwa machache kuliko yanayokaushwa na jua. Kina hushuka chini ya mwamba, na mto hukatika ilhali kinamasini bado mna maji. Mabanio ya zamani ya mawe, magogo na majani yalivuja, na watumiaji wa chini wakapata maji. Tukajenga ya zege tukiyaita bora. Zege halivuji.

Ushahidi ninaouthamini kuliko ripoti zote ni ubao. Mtafiti Bruce Lankford na wenzake, katika utafiti wao Usangu, walibuni mchezo wa bonde la mto: ubao wa mteremko, gololi ndiyo maji, vijiti ndiyo mabanio, vishimo ndiyo mashamba. Kwanza kila mkulima hujichotea awezavyo. Kisha wote hukaa kujadili. Nilipoushuhudia, mzee wa banio la juu alijaza vishimo vyake vyote, na mama wa mwisho hakupata hata gololi moja. Walipobadilishana nafasi, yule mzee ndiye aliyekuwa wa kwanza kudai zamu.

Wanataaluma wenzangu husema zamu haziwezi kushika nafasi ya kibali cha kutumia maji. Hoja yao ina uzito: bila kibali, mwekezaji mkubwa hana wa kumbana. Lakini kibali cha lita kadhaa kwa sekunde, katika mto unaofurika masika na kubaki kijito kiangazi, hugawa maji yasiyokuwepo. Wa juu huchukua haki yake yote kihalali, na mto hufa kihalali. Nimelipima suala hili kwa miaka mingi, na bado naamini kiangazi maji yagawanywe kwa sehemu, si kwa kiasi, na wa kupanga sehemu hizo ni watumiaji wenyewe, wa juu na wa chini, wakikaa pamoja.

Naiomba Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, inayosimamia maji ya Ruaha Mkuu, ianze na bonde dogo la Mkoji huko Usangu kabla ya kiangazi kijacho: vibali viandikwe upya kwa sehemu, na mabanio ya mpunga yafungwe mavuno yakiisha.