Pampu Ikisimama, Nani Atapoza Kinu?

Kinu cha kemikali chenye shinikizo kubwa kinaweza kulipuka huku wahudumu wakitazama kila kipimo. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 19 Desemba 2007 katika kiwanda cha T2 Laboratories, mjini Jacksonville, Marekani. Watu 4 walikufa, 32 wakajeruhiwa.

Kiwanda kilitengeneza kiungio cha petroli. Mmenyuko wake hutoa joto, na joto hilo huuharakisha mmenyuko, nao ukazidisha joto. Kinachokata mzunguko huo ni maji ya kupoza. Siku ile upozaji ulishindwa. Mhudumu aliwaarifu wakubwa wake, lakini mfumo wa akiba haukuwepo, na baada ya dakika chache kinu kikapasuka.

Bodi ya uchunguzi wa ajali za kemikali ilibaini kasoro nyingine. Njia ya dharura ya kutolea shinikizo ilipangwa kufunguka kwenye pauni 400 kwa inchi ya mraba, wakati mmenyuko ulishakuwa haushikiki. Ingefunguka kwenye pauni 75, huenda maafa yangeepukika.

Hiyo ilikuwa awamu ya 175 ya uzalishaji. Awamu zilizotangulia ziliwapa wenye kiwanda imani, hazikuwapa kinga. Udhibiti wa kweli hudai ngazi zisizotegemeana: vipimo, upozaji wa akiba, na valvu inayofunguka mapema bila kungoja mkono wa mtu. Mkaguzi anayeingia kiwandani na aanze na swali moja: pampu ya maji ya kupoza ikisimama sasa hivi, nini kitapoza kinu?