AKIBA YA SANDUKUNI HUANZIA JIKONI

(Mazungumzo ya mwanachama, siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi chetu, Kilwa Kivinje)

 

Awali ya yote tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Wenzetu waliotutangulia mbele ya haki, Mungu awalaze mahali pema peponi, amin.

Nimepewa nafasi niseme machache juu ya kubana matumizi ya nyumbani na kulima chakula uani. Nimeambiwa nisirefushe maana pilau linapoa. Nitajitahidi.

Ndugu zangu, kwa miaka 10 tumenunua hisa, tumekopeshana, tumegawana, tukaanza upya. Hilo ni jambo la kujivunia na tujipigie makofi. Lakini siku kama hii ni ya kuulizana pia. Hizi pesa tunazokopa zinakwenda wapi? Tufungue daftari letu la mikopo. Mikopo ya mwezi wa saba na wa nane ni ya kazi kweli: mtaji wa samaki wa kukaanga, vitumbua, khanga, genge la nyanya. Sasa njoo mikopo ya Januari mpaka Machi. Jamani, tusifichane. Fomu inasema "mtaji", kumbe ni unga. Ni mchele, ni mafuta ya kula, na shule nazo zimefunguliwa, sare na madaftari vinagongana na hicho chakula.

Mkopo wa kula hauzai. Mtaji wa vitumbua ukizunguka unarudi na chochote juu yake. Unga ukishaingia tumboni, marejesho yatoke wapi? Yanatoka kwa shoga yako, naye kakopa kwa jirani. Ikifika mwezi wa nne Mama Mweka Hazina anazunguka mlango kwa mlango, salamu zinapungua, mwingine anapita njia ya nyuma ili wasionane. Vikundi vingi havivunjwi na mwizi wa sanduku. Vinavunjwa na njaa ya mwezi wa pili. Ndiyo maana nasema mazungumzo ya mchicha na muhogo ni mazungumzo ya sanduku letu hili hili.

Tuitazame kalenda yetu ya hapa Kilwa. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei. Ufuta tunauza katikati ya mwaka. Korosho zinafuata kuanzia mwezi wa kumi hivi mpaka mwisho wa mwaka. Maana yake pesa zetu karibu zote zinaingia nusu ya pili ya mwaka, na ndio wakati wa harusi, unyago na ngoma. Wakati huo nafaka bado ipo na bei ni nafuu, lakini hatununui, tuna mambo mengine. Januari ghala limebaki tupu, mazao mapya bado machanga shambani, ndipo tunapokimbilia dukani, na bei imeshapanda. Tunauza wakati wa rahisi, tunanunua wakati wa ghali. Hapo pesa ya ufuta itakaa?

Wazee wetu walilijua jambo hili kwa machungu. Sisi wa Kivinje tunapita kila siku penye kumbukumbu za Maji Maji. Vita ile ilianza Julai 1905 huko Nandete, Umatumbini, watu walipong'oa mipamba. Walikuwa wakilazimishwa kulima pamba ya mkoloni huku mashamba yao ya chakula yakiota majani. Na Mjerumani alipotaka kuwavunja, alichoma maghala na mashamba. Waliokufa kwa njaa baada ya hapo ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Asiye na chakula ndani mwake hana sauti. Hilo halikuanza leo.

Walio na umri wangu wanakumbuka pia miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980: foleni ya sukari, foleni ya sabuni, na ule unga wa njano tuliouita unga wa Yanga. Wanakumbuka kwamba kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, tulivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakikaza Kilwa inakuwa kisiwa. Siku hizi tuna daraja na tuna lami, tumejisahau. Basi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikatukumbusha. Barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga, malori yakakwama siku kadhaa. Katika siku kama zile mwenye matembele uani na makopa ndani anapika. Mwenye pesa mkononi anazunguka maduka.

Na zao la biashara nalo lina siku zake. Msimu wa korosho wa mwaka 2018 wanunuzi walitaka bei ndogo, Serikali ikaamua kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa nzuri, lakini malipo hayakuwafikia wakulima wote kwa wakati mmoja, wengine walisubiri miezi. Mwenye chakula ndani anaweza kusubiri. Asiye nacho anamwuzia kangomba kwa kipimo cha bakuli. Sisemi tuache ufuta na korosho, la hasha. Nasema tusiitegemee pesa yake itulishe mwaka mzima.

Sasa tufanye nini? Nitasema mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Kwanza, konzi la akiba. Kila unapopima mchele au unga wa kupika, chota konzi moja urudishe kwenye chungu cha pembeni chenye kifuniko. Watoto hawataona tofauti. Pishi ni vibaba vinne, na kibaba kinajazwa na konzi hizo hizo. Methali ya haba na haba tunaijua kwa mdomo, tuijue na kwa mkono. Na ile nyingine tusiisahau: bandu bandu huisha gogo. Mafuta yanayomwagwa, ugali wa kutupwa kila usiku, sukari vijiko vitano kwenye kikombe kimoja, hiyo ndiyo bandu bandu yenyewe.

Pili, mboga uani. Hebu tupige hesabu. Tuseme unanunua fungu la mboga la shilingi 500 kila siku. Kwa mwaka ni shilingi 182,500. Uani kwako pakikulisha hata nusu ya siku hizo, umebakiwa na zaidi ya shilingi 90,000. Hizo ni hisa, mama!

Mtaniambia, "Ua wangu mdogo, na mchanga wa pwani haushiki maji." Kweli. Ndiyo maana kuna bustani ya gunia. Chukua gunia kuukuu, changanya udongo ndoo mbili kwa samadi ya mbuzi au kuku ndoo moja, iwe imeoza vizuri, mbichi itaunguza miche. Weka katikati kopo lisilo na kitako, lijaze kokoto, jaza udongo pembeni yake, kisha livute juu na ujaze tena, mpaka gunia lijae na kokoto zibaki katikati kama nguzo. Maji unamwagia hapo kwenye kokoto, yanashuka mpaka chini. Toboa matundu ubavuni kwa kisu, upandikize miche ya mchicha, na juu weka nyanya au bamia. Mchicha wa kawaida wiki tatu au nne unaanza kuchuma. Matembele ni rahisi zaidi, kata mche wenye vifundo, fukia, basi. Maji tumia ya kuoshea mchele na ya kusuuzia mboga. Ila kama kisima chako kina chumvichumvi usikitegemee kwa miche michanga. Zungushia makuti, maana mbuzi wa mtaani hawana adabu. Wadudu wakija, twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, nyunyizia jioni. Pale yanapotiririkia maji ya kuogea, panda mgomba na mpapai. Na kila nyumba ipande mlonge mmoja, majani yake ni mboga na hata kiangazi unapatikana.

Tatu, kuhifadhi. Tunasema akiba haiozi. Ya sandukuni haiozi, lakini ya jikoni inaoza usipoishughulikia. Maembe yanaanguka mpaka mbuzi wanayakinai, miezi michache baadaye tunanunua juisi ya paketi. Yakate vipande vyembamba, funika chandarua safi, anika juu ya kichanja. Majani ya kunde na kisamvu chemsha kidogo, anika kivulini, yatunze pakavu. Kunde na mahindi yakaushe sawasawa, halafu tumia mifuko ya kinga njaa inayofungwa isipitishe hewa, bumunda afe humo humo bila dawa. Na muhogo, ndugu zangu, naomba mnisikilize vizuri. Wakati wa njaa watu hufanya haraka. Muhogo mchungu una sumu. Lazima umenywe, ulowekwe siku kadhaa, ukaushwe vizuri ndipo uwe makopa. Ukiharakishwa unaweza kuua, na ukiliwa hivyo kila siku bila kitoweo cha maana huweza kupoozesha miguu ya watoto na akina mama. Akiba isitugeukie kuwa maradhi.

Nne, moto. Mkaa nao ni chakula, maana bila huo hupiki. Kunde, choroko na mbaazi kavu ziloweke tangu usiku. Wali ukikaribia kukauka, epua sufuria, liweke ndani ya kapu lililojazwa matambara au pamba ya mto kuukuu, funika vizuri. Utaiva humo, na wewe unaendelea na kazi. Jiko la udongo linalobana moto tengeneza mwenyewe, halihitaji duka.

Tano, kuku. Kuku wa kienyeji ni benki inayotembea, lakini kideri kikipita kinafuta banda zima kwa wiki moja. Chanjo ya tone la jicho kila miezi mitatu inazuia. Chupa moja inatosha kuku wengi, kwa hiyo mtaa uchange pamoja, siku moja wote tuchanje.

Akina baba, nanyi lenu lipo. Bustani ya uani msiiite mchezo wa wanawake. Kuchota maji jioni na kuzungushia makuti hakupunguzi heshima ya mtu. Na kwenye shamba, kabla ya kuligeuza lote ufuta, kaeni na wake zenu mkate kipande cha mtama, muhogo na mbaazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, lakini hata kabla ya sheria, busara inasema anayepika aulizwe.

Mwisho ni ombi langu kwa kikundi. Napendekeza kila mwezi wa saba, kabla ya kugawana, tutenge sehemu ya pesa tununue nafaka kwa pamoja wakati ni rahisi, tuiweke kwenye mifuko ya kinga njaa, chumba kimoja kikavu, kufuli tatu kama sanduku. Januari mwanachama aliyekwama akopeshwe debe la mahindi badala ya pesa, kwa bei ile ile ya Julai na kidogo cha gharama, arudishe baada ya mavuno. Wapo watakaosema, "Sisi kikundi cha fedha, si cha unga." Nawajibu: kama fedha yetu kila Januari inageuka unga kwa bei ya juu, tayari ni kikundi cha unga, tena tunanunua vibaya. Wengine watauliza kama nafaka ikiharibika nani atalipa. Swali hilo ni zuri, ndiyo maana tuanze na magunia machache, tukague kila mwezi na tuandike daftarini mbele ya wote.

Naomba jambo hili liingie katika ajenda ya mkutano mkuu, lijadiliwe, lipigiwe kura. Na kabla mvua za mwaka huu hazijaanza, kila mwanachama awe na gunia moja la mboga uani na chungu kimoja cha konzi. Kamati ipite kuangalia. Waanze kwangu.

Wenzetu waliotuanzishia kikundi walianza na sarafu chache na imani. Sisi tusishindwe na konzi la mchele.

 Kikundi hoyee! Akina mama hoyee! Haya, sasa tukale pilau, na tafadhali asitupe mtu ukoko.