WAZEE WA HANDENI NA KOROGWE NA HESABU YA WASIOJUA KUSOMA

(Maneno yaliyosemwa barazani mbele ya wanachama. Twayachapa kwa ombi la wasiokuwapo.)



Tumeombwa tuseme juu ya elimu ya watu wazima, na huenda mmoja wenu akauliza: watu wa visiwani twatafuta nini Handeni na Korogwe? Jawabu lake jepesi. Ndugu zetu wengi, hasa wa Pemba, wamefungua maduka katika mkoa ule, na deni la mnunuzi huandikwa daftarini. Mwenye kuandika deni la mzee asiyeweza kulisoma amebeba amana nzito shingoni, na dini yetu imetufunza deni liandikwe na mwandishi awe mwadilifu. Basi jambo hili latuhusu.

Kwanza tuondoe uwongo mmoja, kwamba bara ile ilikuwa giza tupu mpaka zilipofika shule za Serikali. Semboja bin Kimweri, aliyekaa Mazinde, ambayo leo imo katika wilaya ya Korogwe, alikuwa akiandikiana na Unguja kabla Mjerumani hajatia mguu. Abdallah bin Hemedi, aliyemtumikia, ndiye aliyetunga Habari za Wakilindi, kitabu cha Kiswahili kilichochapwa na Misheni ya UMCA na kutolewa tena mwaka 1962. Na katika Uzigua, chuo cha Qurani kilifuata njia ya misafara. Watu wakajifunza herufi za Kiarabu, na wako walioziandikia Kiswahili chao. Serikali ya Kijerumani ilipofungua shule yake Tanga katika miaka ya 1890 ilishika herufi za Kizungu, na Mwingereza akafuata nyayo hizo. Mtu aliyekuwa akiandika barua na mambo ya mirathi akaamka akaambiwa hajui kusoma. Hakusahau kitu, alibadilishiwa herufi.

Asiyejua herufi za upande wowote hali yake ilikuwa mbaya zaidi. Katika mashamba ya mkonge ya Korogwe manamba alitia dole gumba katika mkataba, na siku zake za kazi zikatiwa alama katika kipande asichoweza kukihakiki.

Sasa hesabu. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba katika watu wazima 10 wa Tanzania Bara, wapatao 7 hawakujua kusoma na kuandika. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1969 Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baadaye zikatajwa wilaya sita za kutanguliwa: Mafia, Ukerewe, Masasi, Kilimanjaro, Upare na Dar es Salaam. Handeni na Korogwe hazikuwamo, ingawa Upare ni jirani, ukishavuka Mkomazi tu umefika. Baadaye kampeni ilienea nchi nzima, na mwezi wa Agosti 1975 ukafanywa mtihani wa taifa. Wasiojua wakahesabiwa kuwa 39 katika mia. Na mwaka 1986 Serikali ikatangaza 9.6 katika mia.

Sisi ni wapinzani, lakini haki lazima isemwe. Kazi ile ilikuwa kubwa. Watu walisoma chini ya miembe, vitabu vya kwanza vikawafunza kusoma kwa habari za pamba na ndizi, yaani kazi za mikono yao, na kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ikawafanya wachimbe vyoo. Twatamani Serikali yoyote ifanye nusu yake.

Lakini sensa ya mwaka 2002 ilipowauliza watu, wapatao 3 katika 10 hawakujua. Wale waliofaulu walikwenda wapi? Twaona mambo mawili. Mtihani hufanywa na aliyekuja darasani, bali sensa hugonga kila mlango. Vipimo viwili havilingani. Tena miaka ya 1980 ilikuwa ya dhiki, karatasi adimu, mafuta ya taa adimu, na msomaji asiyepata cha kusoma hurudi alikotoka. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kiasi cha 78 katika mia wanajua, na ya mwaka 2022 ikaonyesha 83. Tusifurahi upesi. Sehemu ya nafuu hiyo imeletwa na watoto waliokwenda shule, na sehemu imeletwa na makaburi: mzee asiyejua akifa, hesabu ya taifa hupendeza. Hakufundishwa, ameondolewa katika daftari tu.

Na wakati huu ndio karatasi zimezidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeleta hati ya hakimiliki ya kimila, na mihutasari ya Mkutano Mkuu wa Kijiji huamua shamba la nani. Kule Msomera, wilaya ya Handeni, tangu mwaka 2022 wameletwa wafugaji kutoka Ngorongoro, na ardhi imekuwa neno la kila siku kwa mgeni na kwa mwenyeji. Bibi wa Kizigua au mzee wa Kimasai aambiwapo "weka dole hapa", ana njia gani ya kujua ametoa nini?

Kwa hiyo twawaomba wenzetu wa matawi ya Handeni na Korogwe wawabane madiwani kwa mambo haya. Kila karatasi ya ardhi isomwe kwa sauti mbele ya jamaa wa mwenye shamba kabla ya kutiwa dole. Madarasa ya wazee yafunguliwe baada ya mavuno, si wakati wa palizi, na ya mabibi yawe saa wanazoziweza wao. Na walimu wa vyuo vya Qurani waitwe kufundisha, kwani mwenye kuijua alifu na be amekwisha vuka nusu ya mto. Sisi wenye maduka tutatoa daftari na kalamu. Makatibu watuletee majina ya wanaotaka kusoma kabla ya mwezi kuandama.